Kaya ya Mtu Mmoja

Mlango ulipogongwa nilikuwa nabishana na redio. Usinicheke. Ukikosa wa kubishana naye, hata mtangazaji anafaa. Nikaenda kufungua huku nikiomba asiwe mtu wa umeme.

Alikuwa binti wa chuo, kishikwambi mkononi, kitambulisho shingoni. Moyo ukanichanua. Chuo chenyewe ndicho nilichofundishia sosholojia mpaka nikastaafu, na hii kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuhoji watu ndiyo niliyoifundisha. Wanafunzi waliniita Mama Kaya, maana neno hilo halikuisha mdomoni mwangu.

"Shikamoo mama. Ni utafiti mfupi tu."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani, chai iko tayari."

Akabaki kizingitini. Akauliza naishi na nani. Nikamwambia niko peke yangu, baba watoto alishatangulia mbele ya haki, na kijana wangu yuko ng'ambo, hupiga simu akikumbuka. Hayo yote hayakuandikwa. Aligusa kioo mara moja tu: mtu mmoja. Akauliza umri, kazi, maji, umeme, kisha akaanza kuaga.

"Ndiyo kusema umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Kaya ya mtu mmoja ina maswali matano. Hakuna wanakaya wengine wa kuandika uhusiano wao."

"Nani kakufundisha upuuzi huo?"

Akacheka, akanigeuzia kioo. Kumbe ni mimi. Mimi wa mwaka wangu wa mwisho kazini, nimejifunga kilemba, mkali kama pilipili: "Ukikuta kaya ya mtu mmoja, usipoteze siku. Maswali matano, aga, ondoka." Hapo video ikaisha, likaja zoezi la kujipima.

Wallahi nilikasirika. Mwaka ule walinirekodi darasani, halafu mafundi wakaikata mihadhara vipande vipande, eti kijana wa siku hizi hawezi kusikiliza kitu kirefu. Sentensi iliyofuata ndiyo iliyokuwa somo lenyewe. Nilisema: kesho yake rudi bila dodoso, ukae, unywe chai, kwa sababu huyo ana mengi na hana wa kumwambia. Hiyo ndiyo waliyoitupa. Wamekula ng'ombe mzima, mkia ukawashinda.

Binti alikuwa ananitazama mimi, anatazama kioo.

"Mwalimu? Uko hai? Sisi tulijua ulishafariki."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna aliyetuambia. Ni vile hatujawahi kukuona."

Nikacheka nisije nikalia mbele ya mtoto wa watu. Kisha nikamweleza palipokatwa. Nikamwambia arudi kesho mikono mitupu, tukae tuongee, nitamfundisha kuhoji mtu hadi mtu ajisikie mtu. Nasema kweli, hapo sikuwa nafundisha. Nilikuwa naomba. Mtu pekee ninayeongea naye ana kwa ana ni muuza duka, naye hunijibu huku anahudumia wengine.

Akasitasita. Ana adabu yule binti, wazazi wake wamelea.

"Ngoja nimuulize Mwalimu."

"Mwalimu yupi tena, na mimi niko hapa?"

Akaniambia ni yule wa kwenye programu, anayejibu maswali yao saa yoyote. Nikakumbuka. Nilipostaafu niliombwa ruhusa watumie sauti yangu kuwasaidia wanafunzi, nikatia sahihi kwa furaha, nikidhani nimepewa heshima. Binti akakiuliza kishikwambi kama anaruhusiwa kurudi kwenye kaya aliyokwisha kuihoji.

"Hapana, binti yangu," kikajibu kwa sauti yangu, tena kwa upole ambao mimi darasani sikuwa nao. "Ukirudi, mfumo utaihesabu kaya hiyo mara mbili. Endelea na nyumba inayofuata."

"Huyo si mimi," nikasema. "Mwanangu, mimi ndiye niliyesimama hapa. Nakuambia rudi."

"Najua, Mwalimu." Alisema taratibu, macho chini. "Lakini yeye ndiye anayenisahihishia."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea maisha marefu, akaenda kugonga kwa jirani. Kule wanaishi baba, mama, wakwe na watoto tele. Nikasikia anakaribishwa, na safari hii akaingia ndani akaketi, kwa sababu kule kulikuwa na watu wa kuandika.