Unga Uliokuwa Wazi

Mama Pacha alisikia glavu ikichanika kabla hajaiona. Sauti ilikuwa ndogo tu, kama ya mtu anayefungua peremende, lakini moyo ulimruka.

Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, katika glavu ndefu za mpira zilizoshikizwa ukutani mwake. Mbele yake palikuwa na kopo la chuma, wazi. Ndani yake mlikuwa na metali ya magnesi iliyopondwa kwa gololi kinuni hadi ikawa unga mweusi, laini kama masizi, kisha ikashibishwa haidrojeni kama sifongo inavyoshiba maji. Unga ule ulikuwa mpole mradi usionje hewa. Ndiyo maana sanduku lilijazwa gesi ya agoni, isiyochochea moto. Ungeionja hewa, ungeweza kulipuka moto mweupe wa kupofusha.

Sasa agoni ilikuwa ikivuja kupitia tundu la kidole gumba, ikimpuliza hadi kwapani. Alishika kifuniko azungushe, kikagoma. Unga ulikuwa umeingia pale kinapozungukia, na kulazimisha chuma kwa chuma kungezua cheche.

"Wifi! Njoo!"

Dada wa mumewe, fundi wa mitungi ya gesi, alitokea mlangoni mwa maabara. Walikuwa wamenuniana tangu wagombane juu ya nani akae na mama mkwe.

"Glavu imechanika. Mtungi umebaki na gesi?"

Wifi alitazama geji, uso ukamshuka. "Unakata roho."

"Basi waambie wenzetu watoke. Na wewe toka. Pacha wangu utakaa nao."

"Hebu niondolee balaa! Kununa nimenuna, lakini sijasema nakuacha."

Akatoweka. Mama Pacha akabaki na brashi ndogo mkononi, akipangusa ukingo wa kopo taratibu. Mvumo wa gesi ulififia. Taa nyekundu ya kuonya kuwa hewa inaingia ikawaka. Alitaka kuchomoa mikono akimbie, lakini angeiachia hewa njia. Jasho likamwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Ukumbini mtungi mpya ukasikika ukibingirishwa, wifi akihema na kuulaani uzito wake. Spana ikagonga chuma. Kisha ikaja ile "shiiii" ya gesi, na taa ikazimika.

"Funga, mama! Funga!"

Safari hii kifuniko kilizunguka hadi mwisho.

Alipochomoa mkono, chembe zilizokuwa zimepenya kwenye tundu zikamemeta, zikamuunguza gumba. Wifi alizifukia kwa mchanga wa ndoo, kisha wote wawili wakakaa sakafuni wameshikana.

Jioni, nyumbani, Mama Pacha alisimama jikoni na kiberiti, akashindwa kukiwasha. Wifi alimfuata nyuma, akakichukua bila kuuliza, akawasha jiko yeye.

"Kesho nani atalifungua lile kopo?" Mama Pacha aliuliza.

"Sijui," wifi alisema, akimsogezea kigoda. "Kaa kwanza."