Swali Moja Nyuma

“Ndiyo,” alisema seremala. “Kila siku. Hata mvua ikinyesha.”

Alilitoa jibu kwa sauti ya juu, iliyonyooka kama ubao, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Feni ya chumba cha mahakama ikaendelea kuzunguka. Wakili wa upande wa pili, aliyekuwa ameuliza, hakufanya haraka na swali linalofuata. Alivua miwani, akamtazama hakimu, akaliacha lile jibu likae hapo lilipoangukia.

Swali lenyewe lilikuwa hili: umewahi kumfungia mtoto ndani peke yake?

Bi Chapa aliliandika jibu kama alivyoandika mengine yote tangu asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na tisa, kuchapa kila neno linalosemwa mle ndani. Alijifunza kwenye mashine ya chuma, mwalimu akiwa amemtandikia kitambaa juu ya mikono ili asichungulie, na mpaka leo hakuwa na mazoea ya kutazama anachochapa. Alitazama midomo ya watu. Neno likitoka mdomoni lilishuka moja kwa moja kwenye vidole vyake bila kubisha hodi kichwani. Kwa hiyo jibu la seremala lilikuwa limeshakaa kwenye kumbukumbu za shauri kabla halijamchoma.

Hata mvua ikinyesha? Mtu amfungie mtoto ndani kila siku, halafu ataje mvua?

Akainua macho. Seremala alikuwa anatabasamu. Halikuwa tabasamu la jeuri. Lilikuwa la mtu aliyeulizwa jambo analolijua vizuri, akajibu vizuri, akatulia.

Bi Chapa akageukia skrini yake, na moyo ukamshuka. Vidole vilikuwa vimesimama zamani, lakini herufi zilikuwa bado zinatoka, moja moja, kwa kujivuta, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Neno la mwisho kabisa lililokuwa limefika lilikuwa “shule”. Wakili alikuwa ameuliza kama seremala mwenyewe ndiye anayempeleka mtoto shule, kisha, kabla hajajibiwa, akalipuuza hilo kwa mkono na kuuliza la kufungiwa. Hilo la kufungiwa lilikuwa halijafika.

Seremala huyu alizibwa masikio na homa akiwa mtu mzima. Lugha ya alama hakuwahi kuijua, ila kusoma alisoma. Basi mahakama ilimwekea skrini ya pili mezani, yatokee pale yote anayochapa Bi Chapa. Na kwa kuwa hawezi kujua lini zamu yake imefika, hakimu alizoea kumwinulia kalamu. Kalamu ikipanda, seremala anajibu swali la mwisho analoliona. Walikuwa wamekwenda hivyo vikao vitatu bila tabu. Leo kalamu ilipanda, naye akajibu alichokiona.

“Na unajutia?” wakili aliuliza.

Kalamu ikapanda tena. Bi Chapa alichapa huku macho yake safari hii yakiwa kwenye skrini, na ndipo aliposhuhudia swali la kufungiwa likijitokeza, herufi kwa herufi. Seremala alilisoma. Tabasamu likaondoka. Akainamisha kichwa, asiseme kitu.

“Kimya, Mheshimiwa,” wakili alisema taratibu.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akatangaza mapumziko, na kwamba saa nane mchana atatoa uamuzi mdogo juu ya mahali mtoto atakapoishi kuanzia leo. Mama mdogo wa mtoto, mdogo wa marehemu mke wa seremala, ambaye ndiye aliyeleta maombi ya kumchukua, alishika mkoba wake kwa mikono miwili akatoka bila kumtazama mtu. Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka sita, alikuwa chumba cha tatu kwenye korido ileile, kwa afisa wa ustawi wa jamii, na mfuko wake wa nguo ulikuwa umeshafungwa.

Bi Chapa hakwenda kula. Alikwenda kwa fundi wa kompyuta.

Fundi alikuwa mtu wa makamo mwenye tumbo na maneno mengi. Jumamosi ndiye aliyeweka programu mpya kwenye mashine zote, na tangu Jumatatu makarani walikuwa wanamsifu kwa zile herufi nzuri zenye kivuli laini. Alipoambiwa mashine inachelewa aliweka kijiko chini kwa huzuni, akamfuata mpaka kwenye chumba kitupu cha mahakama, akafungua ukurasa mweupe na kuchapa. Herufi ziliruka kama bisi.

“Kwangu inakimbia,” alisema. “Labda ni mikono, mama. Mikono nayo ina toleo jipya, ila sikuja nalo.”

“Huo ni ukurasa mtupu. Nifungulie wa asubuhi.”

Akaufungua, akinung’unikia chakula kinachopoa. Bi Chapa alichapa swali zima kwa mwendo wake wa kila siku. Alipoinua vidole alianza, kwa sauti ya ndani, dua aliyoisoma kila asubuhi kwenye ngazi za mahakama: Ee Mola, nipe subira, unionyeshe njia, amina. Saa ya mkononi hakuwa nayo, ila dua ile ilikuwa na urefu wake, haikuwahi kurefuka wala kufupika. Akaisoma mara moja. Akaisoma mara ya pili. Swali lilimalizika kutokea kwenye amina ya tatu.

Fundi akaacha utani.

Alichomoa waya wa skrini ya seremala, akidhani mashine imelemewa na skrini mbili. Amina tatu. Alibadilisha kibodi. Amina tatu. Aliizima mashine na kuiwasha, wakangoja ipumue, wakafungua ukurasa uleule. Tatu. Ndipo Bi Chapa akamwambia jambo alilokuwa analitafakari: kwamba asubuhi mpaka saa nne hapakuwa na tatizo, seremala alikuwa anajibu bila kusita, baada ya chai akaanza kukaa kidogo kabla ya kujibu, na kila kurasa zilivyoongezeka alizidi kukaa. Fundi akamtazama. Akalipunguza dirisha la maandishi mpaka likawa robo ya skrini: amina moja. Akaondoa kile kivuli cha herufi: kabla ya “unionyeshe”. Akaanza ukurasa mpya kabisa: hata “Ee Mola” haikumalizika.

“Sasa nimeiona,” alisema, akajifuta shingo. “Ile ya zamani ilikuwa inachora herufi mpya tu. Hii, kila ukigusa herufi moja, inarudi juu na kuyachora yote upya, na vivuli vyake. Ni kama fundi anayepaka rangi nyumba nzima kila akipigilia msumari.” Alikuwa ameshaanza kurekebisha. Kivuli akakizima, akamwonyesha namna ya kufungua ukurasa mpya kwa kila shahidi. “Kwisha. Mchana mtakwenda mbio.”

“Irudishe ilivyokuwa,” Bi Chapa alisema.

“Nini?”

“Kama asubuhi. Nataka Mheshimiwa aione.”

Fundi alivuta kiti akakaa karibu naye. Aliongea chini chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamchekesha mtu. Alimkumbusha kwamba waliotia sahihi programu hiyo ni wakubwa, na ameisifu mbele yao kwa mdomo wake. Alimwambia na yeye mwenyewe ataulizwa kwa nini hakutazama skrini. “Nimekwisha kulirekebisha, mama yangu. Tatizo halipo. Utawaambia nini?”

“Kwamba lilikuwepo.”

Alilisema kwa utulivu, ingawa alikuwa na mengi ya kupoteza. Ilikuwa imebaki miaka miwili astaafu. Siku ya kwanza kazini karani mkuu alimwambia kwamba mpiga chapa ni masikio na vidole, mdomo aache nyumbani, na kwa miaka yote hiyo mle ndani alikuwa hajasema zaidi ya “naomba urudie”. Na palikuwa na jambo jingine, zito kuliko kustaafu, ambalo hakumwambia fundi. Ule ukimya. Seremala alipolisoma swali la kufungiwa, lile la kweli, hakusema hapana. Aliinama. Je, akisimama, akajiponza, akamponza na fundi, halafu jibu likawa ndiyo ileile?

Fundi akairudisha mashine ilivyokuwa asubuhi, akaondoka. Tangu saa saba na nusu Bi Chapa alikuwa amekaa kitini pake, macho kwenye mlango. Kazi yako, alijiambia, si kujua kama ni ndiyo au hapana. Kazi yako ni kila jibu likae chini ya swali lake. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Saa nane hakimu aliingia, watu wakasimama, wakakaa. Bi Chapa hakukaa.

“Mheshimiwa, nina kosa la kusema. Ni langu.”

Wakili aligeuka kwa mshangao wa adabu, akauliza tangu lini kibodi ikatoa ushahidi. Wawili watatu kwenye mabenchi walicheka. Hakimu hakucheka wala hakukasirika; alimtazama mwanamke huyu ambaye pengine alikuwa hajawahi kumtazama usoni, akamwambia aseme. Alisema kwa maneno machache: vivuli vya herufi na urefu wa kurasa vilikuwa vinalichelewesha swali, kalamu haikuchelewa. Kisha, kwa sababu aliona hawajamwelewa, akaomba Mheshimiwa akalie kiti cha seremala.

Pakawa na minong’ono. Hakimu aliteremka. Seremala akampisha, akasimama kando amechanganyikiwa, maana kwenye skrini yake hata ile “nina kosa”, ambayo Bi Chapa aliichapa huku akiisema, ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Karani mkuu alikabidhiwa kalamu, uso umemkunjamana. Wakili akaambiwa aulize maswali yoyote mawili matatu, na hakimu, mtu mzima na joho lake, akatia vidole masikioni.

Wakili aliuliza kama Mheshimiwa amekunywa chai. Bi Chapa akachapa. Wakili, ambaye hakuwa mtu wa kukosa nafasi, akauliza kama Mheshimiwa amewahi kusinzia wakati wa kesi. Karani akainua kalamu.

“Ndiyo,” alisema hakimu, macho kwenye skrini. “Leo asubuhi.”

Mabenchi yakaangua kicheko, na wa kwanza alikuwa wakili. Hakimu akatoa vidole masikioni, akauliza ameulizwa nini. Hakuna aliyetaka kumwambia. Akangoja. Swali likatokea mbele yake, likijivuta, naye akalisoma mpaka mwisho, na kicheko chumbani kikafa chenyewe.

Hakurudi haraka kitini pake. Alimtazama seremala, aliyekuwa bado amesimama pembeni na vumbi la mbao kwenye mshono wa kola.

“Futa kivuli,” alimwambia fundi, ambaye alikuwa ameegemea mlango kama mtu anayesubiri kuitwa. “Fungua ukurasa mpya.”

Aliporudi juu aliuliza yeye mwenyewe, polepole ingawa haikuhitajika tena. Kama seremala ndiye anayempeleka mtoto shule. “Ndiyo. Kila siku. Hata mvua ikinyesha.” Chumbani mtu mmoja alivuta pumzi, na mama mdogo wa mtoto akashika ukingo wa benchi. Kisha hakimu akauliza la pili, na Bi Chapa akalichapa, na herufi zikatoka pamoja na vidole vyake, hakuna iliyobaki nyuma.

Umewahi kumfungia mtoto ndani peke yake?

Seremala alisoma. Akainama kama alivyoinama asubuhi. Bi Chapa aliisoma dua yake yote, akaisoma tena, na hakuna kilichochelewa sasa isipokuwa mtu mwenyewe.

“Mara moja,” alisema seremala.

Vidole vikaandika.

“Siku ya msiba wa mama yake. Nyumba ilijaa watu. Nilimfungia chumbani asione jeneza likitolewa.” Sauti yake ilipanda na kushuka mahali ambapo haikupaswa. “Nikasimama nje ya mlango. Mimi sisikii kama analia. Basi niliweka mkono kwenye mbao. Niliuweka pale mpaka jeneza likatoka.”

Wakili alikuwa na karatasi mkononi, akaitazama, akaiweka chini. Aliyesimama ni mama mdogo, bila ruhusa, mkoba ukamteleza mapajani na kuanguka.

“Shemeji,” alisema. “Aligonga?”

Karani mkuu alifungua mdomo amkalishe, hakimu akamzuia kwa kichwa. Bi Chapa akachapa yale maneno mawili. Seremala aliyasoma. Akaugeuza mkono wake wa kulia juu ya meza, akawa anakitazama kiganja, kilekile alichokiweka mlangoni siku ile, kana kwamba bado kinagongwa.