Kilio Kilichowahi

Mektilda alisikia uamuzi wake ukitangazwa katika sala, naye akaitikia "Twakuomba utusikie" pamoja na wengine. Wanajumuiya walikuwa wamejaa sebuleni kwake, mtaa wa Isevya mjini Tabora, wengine wamekaa kwenye mikeka mpaka barazani. Padri alikuwa ameshafungua kichupa chake cha mafuta ya wagonjwa. Wifi yake Levina alikuwa amepiga magoti mbele ya wote, akitoa maombi kwa sauti ya mtu anayejua kwamba Mungu humsikiliza yeye kwanza.

"Tumwombee dada yetu Mektilda, aliyeamua kumwachia Mungu ugonjwa wake na kuachana na habari za mionzi. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

Mdomo ulishazoea, ukajibu wenyewe. Padri akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani, wanawake wakaimba, na Mektilda akabaki anajiuliza ni lini aliamua.

Hakuwa ameamua chochote. Titi lake la kushoto lilikatwa Mwanza, zikafuata dripu zilizomnyonyoa nywele hadi kope, na sasa nywele zilikuwa zinarudi, laini kama za mtoto mchanga. Daktari alimweleza polepole. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye tezi za kwapani. Kisu kimetoa kinachoonekana na dripu imefukuza kinachotembea, lakini pale kifuani huenda pamebaki mbegu ambazo jicho halizioni, na mionzi ndiyo ya kuzimaliza. Angekwenda kila siku ya kazi, dakika chache tu, kwa majuma kadhaa. Ngozi ingekuwa nyeusi na kuwasha, mwili ungechoka. Aliambiwa arudi mwezi huu asichelewe, na mwezi huu ulikuwa unayoyoma.

Aliogopa. Kwenye benchi la hospitali alikaa na mwanamke aliyefunua kanga na kumwonyesha shingo iliyoungua ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria. Mwanamke yule alikuwa anakula karanga na kucheka, tena alisema amebakiza siku chache amalize. Mektilda hakubeba kicheko wala karanga kuja navyo Tabora. Alibeba shingo.

Na hofu ikipata mshauri huota mizizi. Levina alikuja kutoka Urambo kumuuguza mke wa mdogo wake, akasema anakaa wiki moja, na sasa hata chumvi ilikuwa inakaa mahali alipotaka yeye. Aliamua nani aingie kumwona mgonjwa na nani arudie mlangoni. Ukimuuliza, alikuwa na jibu moja: mgonjwa haulizwi uji. Ni methali nzuri kwa uji. Levina aliitumia kwa kila kitu.

"Mimi tumbaku nimeikausha tangu msichana," alimwambia Mektilda jioni moja, akimkobolea maneno kama mtu anayekoboa mahindi. "Jani likishakauka, ukalichochea moto tena, unaliunguza. Titi limetoka, ugonjwa umetoka nalo. Sasa unakwenda kuchoma nini? Kifua?"

"Daktari amesema kuna mbegu zinazobaki."

"Daktari hakujui. Na ukirudi na mionzi mwilini, nani atakuachia wajukuu uwapakate?"

"Amesema haibaki mwilini."

"Atasema nini kingine, wifi, na mashine yake inataka watu?"

Xavery, mume wa Mektilda, alikuwa fundi mstaafu wa reli. Alikuwa amefanya kazi miaka yote katikati ya vyuma vinavyogongana, na labda ndiyo sababu nyumbani hakutaka kusikia kitu kikigongana na kingine. Mektilda alipomuuliza yeye anaonaje, alisema dada ana uzoefu. Uzoefu wa nini, hakusema.

Siku hiyo ya padri, kabla wageni hawajafika, Levina alitoka chumbani amevaa gauni la Mektilda, lile la kitenge cha bluu alilolishona kwa ajili ya harusi ya binti yake Julieth. Hakuomba. "Wewe halitakukaa tena," alisema, akijigeuza mbele ya kioo. "Litaning'inia upande mmoja." Kisha akamvisha mgonjwa dera pana, akaviringisha kipande cha kanga kuukuu na kukishindilia mahali palipokuwa na titi, watu wasije wakashangaa. Mwanamke mwingine angemzaba kofi. Mektilda alisimama, mikono imeinuliwa, akashindiliwa kama mto.

Sasa, Isevya haina haja ya redio. Watu waliona gari la padri, wakasikia nyimbo, wakasikia habari ya mafuta. Wakristo walijua kuwa ni mpako wa wagonjwa na kwamba wengi hupakwa wakapona. Wasio Wakristo walijua tu kwamba padri akija na mafuta, sanduku halipo mbali. Habari ililala mtaani ikiwa mgonjwa, ikaamka sokoni ikiwa maiti.

Ndivyo ilivyomfikia Bi Mwamvita kwenye kibanda chake cha vitenge Jumapili asubuhi. Mwamvita alikuwa Mzaramo, babu yake alipanda bara na reli akasahau kurudi. Wazaramo na Wanyamwezi, kabila la akina Mektilda, ni watani tangu enzi za misafara, babu wa Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakagombana na babu wa Wazaramo, wakapatana, wakaachiana wajukuu ruhusa ya kutukanana. Na msibani mtani ana kazi yake. Hulia kwa kejeli, hudai mali ya marehemu, hukaa njiani jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Haruhusiwi mtu kumkasirikia. Atakayekasirika ndiye mwenye kosa, na kosa hulipiwa kuku mwingine.

Mwamvita alifunga kibanda, akavaa kanga ndani nje, akajipaka unga usoni na kujitwika sufuria. Alianza kulia tangu kona ya mtaa.

"Mpagazi katua mzigo. Wanyamwezi mmekwisha, nani atatubebea sasa?"

Aliingia uani akiburuta miguu, na akaikuta maiti imekaa mkekani, inachambua michembe ya viazi.

Sauti ilimkatika. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu mzima aliyelia kweli njiani, maana unga ulikuwa na michirizi miwili iliyoshuka hadi kidevuni. Kisha akatua sufuria chini taratibu.

"Ama kweli nyie watu," alisema. "Hata mkifa mnawaza viazi."

"Sijafa, mtani."

"Nyamaza. Maiti hasemi. Padri kaja, mafuta umepakwa, nyimbo zimeimbwa, na mimi nimefunga kibanda. Sirudi bila msiba."

Mektilda hakucheka. Alikuwa bado ameshika kipande cha kiazi kikavu pale Levina na Xavery walipoingia kutoka misa ya kwanza, Levina mbele, ndani ya gauni la bluu.

Mwamvita alimzunguka kama anayekagua mbuzi mnadani. Alishika ukingo wa mkono wa gauni.

"Kitenge hiki nilimkatia marehemu kwa mkasi wangu. Kwetu nguo za maiti hugawiwa arobaini ikiisha. Ninyi mmegawa hata kabla ya kumwosha. Mlikuwa na haraka ya nini?"

"Halimkai tena," alisema Levina.

"Nani kakwambia? Maiti?"

Mwamvita alishamwacha, akamgeukia Xavery na kumpa mkono wa pole. "Pole sana, mgane. Haya, tusome wasifu wa marehemu. Simama vizuri, watu wanasubiri."

Xavery alitabasamu. Alijua utani na aliupenda, maana ndio ugomvi pekee usio na kelele ya baadaye. Akavua kofia, akakohoa, akaanza kwa sauti ile ya makaburini ambayo kila mtu wa Tabora anaijua.

"Marehemu alizaliwa Urambo, akasoma hukohuko, akafunga ndoa takatifu na Xavery, wakajaliwa watoto. Marehemu alianza kuugua mwaka jana. Alipelekwa Mwanza, akafanyiwa upasuaji wa titi. Akatibiwa kwa dripu, akapata nafuu. Akatakiwa arudi kwa ajili ya mionzi."

Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini halikuwa na kazi tena.

"Endelea," alisema Mwamvita.

Xavery alitazama kofia yake. "Hakurudi," alisema.

"Kwa nini?"

"Tuliona apumzike."

"Mliona akina nani?"

Xavery alimtazama dada yake, na hilo lilikuwa jibu.

Mektilda alikuwa amesikia wasifu nyingi. Alijua zinavyokwenda. Baada ya hapo ilibaki sentensi moja tu, ya hali kubadilika ghafla, kisha Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kisha watu wananawa mikono wale wali. Kilichomtisha ni jinsi habari ile ilivyotiririka bila kukwama. Kifo chake kilikuwa kimeshaandaliwa, kimekaa vizuri mdomoni mwa mumewe, na yeye mwenyewe alikuwa amekiitikia kwa sala. Hasira ikampanda. Alimchukia Levina, akamchukia Xavery na kofia yake, akamchukia Mzaramo huyu na unga wake, akajichukia yeye aliyeinua mikono ashindiliwe kanga. Shingo nyeusi ya yule mwanamke ilimrudia. Safari hii ilikuja na karanga zake.

"Mchawi wewe," Levina alikuwa anamwambia Mwamvita. "Umekuja kumtabiria mgonjwa wangu kifo. Toka hapa."

"Mmemsikia?" alisema Mwamvita kwa utulivu. "Mnyamwezi kamkasirikia mtani. Kuku mmoja."

"Wifi," alisema Mektilda. "Vua gauni langu."

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameshasimama, na michembe imemwagika mkekani.

"Gauni nitakupa, tena sijakunyang'anya," alisema Levina. "Usichukue hasira za watani ukaziweka kwenye mwili wako. Mimi nakuonea huruma, Mektilda. Nimekuogesha. Nimeuona huo mshono. Sitaki wakuchome."

"Huruma yako ilianza kwa kunipima nguo."

"Nimekwambia, jani likishakauka—"

"Hata baba yangu alikuwa na bani la kukaushia, usinifundishe tumbaku. Jani hukauka ubapa kwanza, uti wa katikati unabaki na maji. Moto wa mwisho ndio mkali kuliko yote, na ni kwa ajili ya uti. Ukishusha jani kabla ya hapo, utalifunga zuri, la njano, likuozee ndani ya robota, na wewe umelala ukijua umevuna. Ni mwaka gani, wifi, uliacha kuchochea moto wa mwisho?"

Hakuna mwaka, na Levina alijua. Mtu aliyekesha mbele ya bani maisha yake yote hawezi kudanganya juu ya bani.

"Tumbaku yako huinyimi moto wa mwisho," alisema Mektilda. "Umeninyima mimi."

Akaingiza mkono ndani ya dera, akachomoa lile bunda la kanga kuukuu na kumtupia miguuni. "Hilo kasugulie masufuria. Xavery, kesho unanipeleka Mwanza. Na ukiona dada ana uzoefu, kaa naye hapahapa, nitakwenda peke yangu."

"Nitakupeleka," alisema Xavery. Hakuna aliyempongeza.

Asubuhi gauni lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa juu ya kiti. Levina alikuwa mlangoni na chupa ya uji, macho yamevimba, ameinyoosha kwa mkono mmoja. Mektilda hakuipokea.

"Niulize kwanza," alisema.

Levina aliigeuzageuza chupa mkononi hata Xavery akaanza kusogeza begi.

"Utakunywa uji?"

"Sinywi."

Kwenye geti walimkuta Mwamvita amekaa chini, miguu ameinyoosha kuziba njia yote. Hakuwa na unga wala sufuria.

"Jeneza halipiti," alisema. "Nina kuku wangu wawili hapa."

"Toa miguu, Mzaramo. Nimekukasirikia na wewe. Umenililia nikiwa hai."

"Mtani hakasirikiwi."

"Nimekasirika. Andika kuku watatu. Nitakulipa nikirudi."

"Na usiporudi?"

Mektilda alimtazama. Alikuwa bado anaogopa, na alijua Mwamvita anaiona hofu ile vizuri kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine itamponya, hata daktari hakuthubutu kuapa. "Nisiporudi, utamdai huyo aliyesimama mlangoni," alisema.

Mwamvita aliukunja mguu mmoja tu. Mwingine aliuacha palepale, kwa hiyo Mektilda alilazimika kuinua gauni na kumruka, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa tusi kubwa. Kisha akashika njia ya stendi, Xavery na begi nyuma yake. Gauni la bluu lilining'inia upande mmoja, kama wifi alivyosema, na Isevya nzima ilitoka milangoni kulitazama.