Ukumbi Uani kwa Khunjulwa

Barua ya manispaa ilifika Jumanne. Khunjulwa aliisoma akiwa amesimama getini, kisha akaingia ndani akaisoma tena akiwa ameketi. Nyumba ya marehemu mama yake, ya vyumba vinne na bati lililoanza kushika kutu, ilikuwa imepanda thamani mara tatu. Kodi ya jengo ingepanda nayo.

Alijua maana yake. Walipomaliza kumzika mama mwaka uliopita, kaka yake Mbuyiselo alisema mbele ya wajomba, "Kaa humo, sikukatazi. Lakini siku ukishindwa kodi, tunauza, kila mtu achukue chake." Khunjulwa alikubali. Mshahara wake wa kufua shuka hospitalini ulitosha kodi ile ya zamani, ingawa kwa kujibana.

Jioni Mbuyiselo alipiga simu. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Mara tatu, Khunjulwa! Unalalia dhahabu halafu unalia? Tutafute mnunuzi."

"Labda wamekosea, kaka."

"Manispaa ikikosea inakukatia umeme. Haikosei ili wewe utajirike."

Barua ilisema asiyeridhika aweke pingamizi kabla ya Ijumaa saa kumi. Lakini Khunjulwa hakuwa mtu wa kupinga. Akirudishiwa chenji pungufu dukani, huondoka nayo hivyo hivyo. Shule aliiacha darasa la sita, na fomu yoyote yenye visanduku vidogo ilimtoa jasho. Aliikunja barua, akaisukumiza chini ya kopo la sukari.

Kesho yake alikuwa akianika nguo, jirani yake Mama Nothemba alipochungulia juu ya ukuta.

"Nasikia umepandishiwa. Mbona mimi hawakunigusa? Nyumba zetu ni mapacha, zimejengwa na fundi mmoja mlevi. Wewe una nini nisichokuwa nacho?"

"Sijui, Mama."

"Basi twende tukaulize. Usipouliza watajua umeridhika."

"Na wakija kupima wakaongeza tena?"

"Wapime nini hapo, kamba ya nguo? Vaa viatu, mwanangu."

Daftari la uthamini lilikuwa mezani katika maktaba ya mji, kila mwenye nyumba aje aangalie yake. Nyuma ya meza alikaa binti wa manispaa, amevaa miwani, anatafuna karanga. Mama Nothemba alimsukuma Khunjulwa mbele kwa kiwiko. Khunjulwa akaitoa barua.

Binti alipitisha kidole kwenye mistari. "Hii hapa. Nyumba ya kuishi, vyumba vinne. Na ukumbi mmoja, meta za mraba mia moja na nane."

"Ukumbi gani?" Khunjulwa aliuliza.

"Wa uani. Si mnakodisha kwa harusi?"

"Uani kwake kuna kuku wawili tu," Mama Nothemba alidakia. "Labda hao ndio wanaooana!"

Binti aliwageuzia kompyuta. Safari hii wathamini hawakupita nyumba kwa nyumba, alisema. Walipiga picha kwa ndege, wakahesabu mapaa kutoka juu.

Khunjulwa aliinama. Aliliona paa lake dogo la rangi ya kutu. Nyuma yake palikuwa na paa kubwa jeupe, limejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Pembeni, nukta sita nyeusi zilijipanga mstari, zikitoa moshi.

Zile nukta alizijua. Vilikuwa vyungu vya chuma vya miguu mitatu, alivyoviazima kwa majirani sita. Kimoja hajakirudisha hadi leo.

"Hilo si paa," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Hilo ni hema. Hayo ni mazishi ya mama yangu."

Binti aliacha kutafuna. Alitazama tarehe iliyokuwa pembeni mwa picha. Jumamosi. "Pole sana, mama," alisema taratibu.

Khunjulwa hakulia. Aliendelea kutazama. Chini ya kile kitambaa cheupe mama yake alikuwa bado hajazikwa, na watu walikuwa wanamwimbia.

"Na hilo gari jekundu?" Mama Nothemba alikuwa amegusa kioo kwa kidole. "Hebu likuze, binti. Likuze! Si la Mbuyiselo hilo? Limesimama wapi?"

Lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, katikati ya bustani ya spinachi ya Khunjulwa. Mwaka mzima Mbuyiselo alikuwa akiapa kwamba hakukanyaga hata jani moja.

Mama Nothemba alicheka mpaka akashika meza. Khunjulwa naye kicheko kikamtoka, mkono mdomoni, machozi yakafuata nyuma yake.

Binti alimpa fomu. Khunjulwa alivitazama vile visanduku, jasho likaanza.

"Andika kama ulivyoniambia mimi," binti alisema.

Akaandika: *Hakuna ukumbi. Lilikuwa hema la msiba wa mama yangu, lilisimama siku nne likaondolewa.* Ijumaa asubuhi alirudi na risiti ya kukodi hema, aliyokuwa ameihifadhi ndani ya Biblia ya mama.

"Waambie na wenzako," binti alimnong'oneza. "Jumamosi ile naona mapaa meupe manne mengine mtaani kwenu." Kazi hiyo Mama Nothemba aliifanya kabla ya saa sita mchana, kwa sauti yake yote.

Mthamini alikuja na futi yake, akawakuta kuku wawili na kamba ya nguo, akaondoka. Wiki sita baadaye ikaja barua nyingine. Thamani ilikuwa sawasawa na ya Mama Nothemba, na kodi ilibaki anayoiweza. Khunjulwa aliketi kizingitini akavua viatu. Ilikuwa kana kwamba alikuwa amevivaa tangu ile Jumanne.

Kisha akampigia kaka yake.

"Ukumbi umeondolewa, kaka. Nabaki humu."

"Ukumbi upi?"

"Nitakueleza ukija. Njoo na miche ya spinachi."

"Spinachi? Nilishawaambia mimi sikukanyaga..."

"Mbuyiselo," alisema Khunjulwa, ambaye hakuwa amewahi kumkatiza kaka yake maishani, "kuna picha."