Viazi vya Boston Kusini

Kiazi kilitua jukwaani pale pale Gobnait alipofungua kinywa kusema, kama mke katika mchezo, kwamba mumewe akifa hatamlilia. Waairishi wenzao wa Boston waliona maneno hayo yanawaaibisha wanawake wote wa Ireland. Sawa, lakini walijuaje yatasemwa saa ngapi? Bwana Cashin, mwenye kampuni, alikuwa ameyahamisha wiki hiyo hiyo hadi sehemu ya kwanza ya mchezo, na waliojua ni waigizaji watano tu waliovuka bahari pamoja kutoka Cork.

Kikulacho ki nguoni mwako. Gobnait akawapima mmoja mmoja, shaka yake ikamwangukia Malachy, mzee aliyemfundisha hata namna ya kusimama jukwaani. Mbona kila asubuhi alitoka peke yake? Jumatano akamwona akimpa bahasha mtu mwenye utepe wa kijani kifuani, kama ule wa wazomeaji. Akaenda kumwambia Cashin.

"Mzee Malachy, umetuuza?" Cashin akauliza mbele ya wote.

"Namwandikia binti yangu. Tuligombana, mwaka wa tisa huu. Yule niliyempa barua ni mkwe wangu."

"Mwigizaji hakosi kisa!"

Malachy akamtazama Gobnait. Ijumaa akapandishwa meli ya kurudi.

Maneno yakahamishiwa sehemu ya tatu. Jumapili Gobnait akaenda kunywa chai kwa Shangazi Honora, aliyehamia Boston zamani, kama kila Jumapili. Shangazi akampakia mkate siagi nene.

"Enhe, yale maneno yako machafu unayasema wapi siku hizi? Nishike rozari mapema, usije ukaungua motoni bure."

Gobnait akacheka, akamwambia. Nani atakataa kuombewa?

Jumatatu alasiri, sehemu ya tatu, kiazi kikampiga begani. Malachy yuko baharini! Akainua macho kwenye viti vya ghorofani. Shangazi Honora alikuwa amesimama, rozari kaizungusha ngumini, akizomea kuwashinda wanaume.

Alimkuta kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi. "Shangazi! Si ulisema utaniombea?"

"Nimekuombea kwanza, mwanangu. Ndipo nikatupa."

Gobnait aliona aibu kwa yale aliyomtendea Malachy. Nyuma ya shangazi alisimama mwanamke mwingine, mgeni kwake, bahasha mkononi.

"Samahani, dada," akasema. "Namtafuta baba yangu, Malachy Tuohy. Ameandika kwamba nitampata hapa."