Jenerali Dubravin Hastaafu

Kila Jumapili baada ya misa, Mzee Leodgar alikwenda kwa Evarista, kule Bertrams, mtaa wa Johannesburg, akavutiwa kiti jikoni, akamiminiwa chai ya tangawizi, kisha akaanza kumpeleka vitani Jenerali Dubravin.

"Mwaka arobaini na tatu," angesema huku akipuliza chai. "Dubravin, Mrusi, ana miaka kumi na tisa, ndevu bado hazijamwota. Mto ulio mbele yake ni mpana kama kutoka hapa mpaka uwanja wa Ellis Park. Wajerumani wako ng'ambo, wanamimina risasi kama wamepewa bure. Mtoto akavua mabuti, akayaning'iniza shingoni, akavuka amekalia mlango."

"Mlango wa nini?" angeuliza Gaston kutoka verandani. Gaston alikuwa fundi cherehani, Mkongomani wa Lubumbashi, aliyempangisha Evarista ile veranda miaka sita sasa.

Hapana, kwa usahihi: Evarista ndiye aliyempangisha Gaston, lakini kwa jinsi Gaston alivyokuwa akiamuru nani akae wapi, ungedhani nyumba ni yake.

"Mlango wa kanisa, Gaston. Mbao ngumu, hauzami."

"Papa Leo, posho ingine, ile Jumapili ya nyuma, ulisema njo pipa."

"Pipa lilikuwa la kurudia."

Wote wangecheka, na Dubravin angesonga mbele. Kutoka mtoni alipewa kikosi, kwa kuwa wakubwa wake wote walikuwa wamezama. Vita vilipokwisha alipelekwa chuo cha kijeshi, akafundishwa kula kwa uma. Akapewa vifaru mpakani, Mashariki ya mbali, kwenye baridi ambayo, kwa mujibu wa Leodgar, amri ikitolewa asubuhi inaganda hewani, askari wanaisikia mchana jua likiiyeyusha. Akawa jenerali wa nyota moja, akawa wa nyota mbili, akatumwa Angola kuwashauri watu wa huko na kuwafunza wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa kambini.

Hapo Evarista alikuwa akiweka kijiko chini. Ya mtoni na ya baridi aliyavumilia tu. Alikuwa anangoja Angola, kwa sababu Angola ndiko alikokuwa Thabo.

Thabo alikuwa mwanawe wa pekee. Alimzaa Morogoro na mume wa Kizulu aliyekimbia makaburu. Kijana alipotimiza ishirini akaenda kambini Angola kujifunza vita vya baba yake, na hakurudi. Leodgar naye alikuwa katika kambi hiyohiyo. Alikuwa amepelekwa Kharkov kusomea matrekta, akarudi hajui trekta lakini anajua Kirusi, wakamchukua kuwa mkalimani.

Kwa hiyo, kila Jumapili, Evarista aliuliza, "Ehe, shemeji. Halafu?"

Halafu Dubravin akamwona Thabo anaendesha lori kwenye matope, akasema huyu ni wangu. Akamfanya dereva wake. Alipoitwa kurudi kwao akaondoka naye, na tangu hapo jenerali akipanda, Thabo anapanda. Nyota ya tatu, Thabo akawa sajini. Dubravin akapewa jimbo zima la jangwani, Thabo akapewa nyumba yenye bomba mbili, moja ya maji moto. Barua hakuna, kwa sababu kazi za Dubravin ni za siri. Simu ndiyo kabisa.

Uongo huu ulizaliwa mwaka tisini na mbili, hospitalini. Familia ilikuwa imerudi Johannesburg kutoka uhamishoni, na mume wa Evarista alikuwa anakata roho. Karatasi ya chama cha wapigania uhuru ilisema Thabo "hajulikani alipo". Mgonjwa akamshika Leodgar mkono, akauliza, "Wewe ulikuwa naye. Yuko wapi?" Leodgar akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa, "Jenerali alimchukua. Anaendesha gari la jenerali." Mgonjwa akatabasamu, akafa Alhamisi. Jumapili iliyofuata mjane akauliza, "Halafu?"

Tangu siku hiyo Leodgar akawa na shida ambayo hakuna jeshi duniani lililowahi kuwa nayo: jenerali wake hawezi kustaafu. Akistaafu, dereva atarudi nyumbani. Nchi ya Dubravin ikavunjika, Leodgar akampa kazi kwenye nchi mpya. Dubravin akatimiza sabini, themanini, tisini.

"Eish, Papa Leo," Gaston alisema Jumapili moja, "ile jenerali yako iko na roho ngapi?"

"Majenerali wa kule hawastaafu. Wanawekwa kwenye baridi, hawaharibiki."

Gaston alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Evarista hakucheka. Alikuwa anahesabu vidole. "Thabo sasa ana hamsini na moja," alisema. "Sijui kama nywele zimemtoka kama baba yake."

Mwezi wa sita mwaka 2017, siku ya Jumatano, Nomsa alikuja kutoka Soweto. Nomsa ni dada wa marehemu mume wa Evarista, shangazi yake Thabo, mwanamke wa maneno machache aliyejifunza Kiswahili Morogoro na hajakisahau. Alikuwa na bahasha ya serikali. Ndani mlikuwa na barua, fomu, na kichupa chenye kijiti cha pamba.

Huko Angola, karibu na kambi ya zamani, yalikuwa yamepatikana makaburi manane yasiyo na majina. Mifupa ilikuwa imeshatolewa. Ofisi ilitaka mate ya kila mama ambaye mtoto wake hakurudi, ili yalinganishwe. Mwisho Ijumaa. Wafu ambao hawatapata mwenyewe watazikwa tena hukohuko, katika shimo moja.

"Mate yangu?" Evarista alisema. "Niwatemee mate wafukua makaburi, na mwanangu yu hai? Wifi, huko ni kumtabiria kifo."

"Wifi, ni pamba tu. Unapitisha shavuni."

"Muulize shemeji Thabo yuko wapi. Muulize!"

Nomsa alimtazama Leodgar, aliyekuwa amefika siku isiyo yake kwa sababu alikuwa ameishiwa sukari. Akasimama, akamwashiria, wakatoka uani.

"Mimi sikuulizi," Nomsa alisema. "Miaka yote hii sikukuuliza, maana nilimwona kaka yangu alivyokufa akicheka. Lakini Ijumaa ni keshokutwa."

Akarudi ndani. Leodgar akabaki na kamba ya nguo na suruali za wateja wa Gaston zikining'inia. Mtu aliyevusha jeshi zima juu ya mlango alishindwa kuvuka hatua sita kurudi jikoni. Mwishowe akavuka.

"Mama Thabo," akasema, "Thabo alikufa."

Evarista akaangua kicheko. Kicheko cha kweli, cha tumboni. "Ona huyu! Nomsa, umempa nini huko nje? Leo jenerali amechoka kumlisha? Shemeji, hiyo mbaya hata kwako wewe."

"Alikufa kambini. Mwaka themanini na nane."

"Ehe. Akapigana na simba wangapi?"

"Malaria. Ilimpanda kichwani."

"Na Dubravin?"

Leodgar alikaa bila kukaribishwa. "Siku hiyo Dubravin alipata habari kwamba amepewa nyota ya tatu. Kwao nyota mpya haivaliwi hivihivi. Inatumbukizwa kwenye glasi ya vodka, mwenyewe anakunywa mpaka chini na kuidaka kwa meno. Vodka ilikuwa imekwisha. Nikasema mimi najua inakopatikana, mjini. Gari lilikuwa moja."

Cherehani ya verandani ikanyamaza.

"Daktari alikuja asubuhi kuomba gari, amkimbize Thabo hospitali. Nikamwambia mchana tutakuwa tumerudi. Tulirudi jioni. Sikupita kumwona. Niliingia moja kwa moja kwenye sherehe, nikatafsiri hotuba. Dubravin akaidaka nyota, tukapiga makofi. Daktari akaja akasimama mlangoni."

Evarista hakuwa anacheka tena, lakini alikuwa bado hajakubali. Aliinama mbele, kama alivyozoea Jumapili, kuisaidia hadithi ipite. "Alisema nini? Mwishoni, alisema nini?"

"Sijui. Sikuwepo."

"Aliniita?"

"Sijui, Mama Thabo."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Sikumbuki."

Akamtazama. Katika miaka ishirini na mitano hakuwahi kumsikia Leodgar akisema sijui. Mtu huyu alijua rangi ya soksi za jenerali. Alijua jina la farasi wa babu yake jenerali. Sasa hajui kama mvua ilinyesha.

"Dubravin mwenyewe yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliondoka baada ya wiki mbili. Sijamwona tena. Huenda alikufa zamani."

"Kwa hiyo hakuna nyumba yenye bomba mbili."

"Hakuna."

Evarista akachukua kikombe cha Leodgar, kilichokuwa bado na chai, akakimwaga kwenye sinki, akakisuuza, akakifuta kwa kitambaa mpaka ndani ya sikio lake. Kisha akaketi mbele ya Nomsa, akafumba macho na kufungua mdomo. Nomsa akapitisha pamba shavu hili na shavu lile.

Alipofumbua macho hakumtazama Leodgar. "Baba yake alikufa na furaha," alisema. "Hilo nakushukuru. Mimi umenifanya nimuwazie nywele. Jumapili usije."

Hakuja. Jumapili kumi na saba. Alikuwa akitoka misani anafika kwenye robot ya kona, taa zinageuka kijani, nyekundu, kijani tena, yeye amesimama tu. Siku mbili tatu Gaston alimwona na kumpungia mkono, naye akajifanya anasoma bango la spaza, lile duka dogo la mtaani. Pale kanisani watu walimwomba walau kile kipande cha mlango. Akasema amekisahau.

Mwezi wa kumi Nomsa alimpigia simu. Kaburi la tano lilikuwa la Thabo. Serikali ingeileta mifupa Desemba, na bendera na wimbo na kila kitu. "Lakini kwetu mifupa ni mifupa," Nomsa alisema. "Roho haisafiri kwenye sanduku la serikali. Inafuatwa pale mtu alipokatia pumzi. Inachukuliwa kwa tawi la umlahlankosi. Wewe unaujua mti huo, ule wa miba, ndugu yake mkunazi. Wifi miguu imevimba, hawezi. Na mahali penyewe anapajua mtu mmoja."

"Amesema niende?"

"Amesema: aende aliyetumia gari."

Masharti alipewa na Evarista mwenyewe, mlangoni, bila kukaribishwa ndani. Anayebeba tawi hasemi na mtu yeyote njia nzima, ila na marehemu. Anamwambia kila wanapopita, kila mto, kila mlango. Akimrukisha mahali, roho inabaki hapo. "Mwambie mnapopita tu," Evarista alisema. "Usimwongezee kitu, shemeji. Hata kimoja."

Alipofika Angola na Nomsa, kambi haikuwapo. Palikuwa na shamba la mihogo, na katikati sakafu ya saruji iliyopasuka, yenye ngazi mbili, mahali palipokuwa na chumba cha wagonjwa. Leodgar alizunguka sakafu ile mara tatu mpaka akapata kona. Akapiga magoti, akalaza tawi juu ya saruji.

"Thabo," alisema. "Ni Leodgar. Mama yako amenituma. Inuka twende."

Nomsa alisimama mihogoni, kitambaa mdomoni.

Barabarani, dereva alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Leodgar akasimama pale muda mrefu sana, tawi kifuani.

"Thabo," alisema mwishowe, "gari limekuja."

Akalia kuanzia hapo mpaka darajani, na darajani akalazimika kuacha, kwa sababu ilibidi aseme, "Huu ni mto, tunavuka." Tunapinda kulia. Hapa pana kanisa. Hapa tunasubiri ng'ombe wapite. Kwenye uwanja wa ndege, kijana wa ukaguzi akauliza ile miba ni ya nini, na Leodgar hakumjibu. Nomsa akasema, "Ni mtoto wa kaka yangu." Kijana akavua kofia, akawapisha.

Angani ulimi ulimwasha. Ndege nzima ilikuwa kimya, tawi limeketi karibu na dirisha, na Leodgar aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kabisa: jenerali anakusalimu, Thabo, jenerali amekuandikia. Kijana angecheka. Alijiuma mdomo mpaka ukauma kweli.

"Thabo," akasema, "hapa sijui ni wapi. Chini ni mawingu."

Waliingia Bertrams saa tisa alasiri. Gaston alikuwa ameondoa cherehani verandani na kufagia. Evarista alikuwa amesimama getini kwa fimbo mbili, amevaa nguo nyeusi ambazo hakuwahi kuzishona miaka yote ile.

"Tumefika," Leodgar aliliambia tawi. "Hili ni geti. Huyu ni mama yako. Amezeeka."

Evarista akaacha fimbo moja ianguke, akanyoosha mkono, akalichukua tawi, miba na vyote. Akageuka nalo, taratibu. Nomsa akamfuata na kuusindika mlango.

Leodgar alibaki verandani. Kutoka ndani alimsikia Evarista akisema na mwanawe, chumba kwa chumba. Hiki ndicho kitanda alichokuwa akilala baba yako. Hili dirisha halifungi vizuri, mvua inaingia. Kisha hatua zikaja mpaka jikoni, zikasimama.

"Na hapa," ilisema ile sauti, "hapa ndipo nilipokuwa nikikaa na wewe kila Jumapili."

Gaston akamsogezea Leodgar kiti. Leodgar akatikisa kichwa, akaiokota fimbo iliyoanguka getini, akaiegemeza ukutani mahali ambapo mwenyewe angeiona, akaenda zake.