Kohozi Kabla ya Kiitikio

Nyuzi za gitaa la besi zikichemshwa hutoa supu. Nalisema hili kwa uzito unaostahili, kwa sababu nimeiona. Maji huanza yakiwa safi, yakageuka kijivu, kisha juu yake ukaelea utando wa jasho, mafuta ya vidole na ngozi iliyokufa. Mjomba alizichemsha kila mwisho wa mwezi, katika sufuria ya mama ya maziwa, kwa imani kwamba uzi uliochoka hurudia ujana wake ukiogeshwa kwa maji ya moto. Nyuzi zilirudia ujana. Maziwa yetu yalibaki na ladha ya msumari.

"Dada, huu ni usafi," alijitetea.

"Usafi gani? Wewe unaoga kwenye sufuria yangu kwa mafungu!" mama alimjibu. "Leo vidole, kesho utaleta nini? Kwapa?"

Mjomba ni mdogo wake mama, na chumba chake ni kile cha nyuma, chenye spika tatu, kitanda kimoja na soksi zisizohesabika. Ujanani alipiga besi na kuimba katika bendi ya roki kwa miaka kumi na moja, akivaa suruali ya ngozi ambayo hadi leo inaning'inia nyuma ya mlango ikitoa harufu ya mbuzi aliyefiwa. Bendi ikafa. Mpiga ngoma aliokoka, mpiga gitaa akaenda kuuza bima. Mjomba akabaki mwanamuziki wa kuitwa: ukiwa na wimbo na huna besi, unamwita, anapiga, anaondoka, jina lake halitajwi. Amepiga kwenye nyimbo za harusi, za dini na za kampeni za wagombea waliotukanana. Ile sauti nene kwenye tangazo la dawa ya wadudu, inayosema "mende, kwaheri," ni yake. Ndiyo kazi pekee iliyowahi kumfanya atambuliwe sokoni, na aliyemtambua alikuwa muuza dawa ya panya.

Mimi nilikuwa nyumbani, nimesimamishwa masomo kwa majuma sita, kwa sababu uongozi wa shule ya bweni ulishindwa kuelewa sanaa. Niliuvisha ulimi wa kengele soksi ya kiranja wa usafi, shule nzima ikalala mpaka saa tatu asubuhi. Soksi hiyo ilitolewa kwa koleo. Basi nikawa nyumbani siku mjomba aliporudi na habari yake kubwa.

"Radi anautaka wimbo wangu," alisema, akiwa bado mlangoni.

Radi ndiye nyota wa roki wa mji wetu: nywele, miwani, na meno yanayoonekana kabla yake. Na wimbo wenyewe tuliujua wote. Mjomba aliutunga bendi ikiwa hai, haukurekodiwa, na kwa miaka kumi na tisa ameuimba juu ya sufuria ile.

"Nitauimba mwenyewe, dada. Kwenye albamu yake, jina langu kwenye jalada. Sauti na besi. Ameahidi."

"Ameahidi kwa maandishi?"

"Kwa mdomo. Lakini mbele ya watu."

Mama akamtazama kama mtu anayetazama maziwa yakikaribia kufurika. "Nenda naye," akaniambia. "Ukawe macho yangu. Huyu ukimwachia peke yake anarudi na ahadi nyingine juu ya ile."

Studio ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kilichobandikwa kutani magodoro yaliyokunywa pumzi za watu tangu enzi hizo. Sponji ya kipaza sauti ilinuka chakula cha mchana cha waimbaji wote waliotangulia. Mmoja wao, nathubutu kusema, alikula samaki.

"Shikamoo, Mzee," fundi mitambo alimwambia mjomba. "Leo imba mwongozo tu."

Mwongozo ni sauti ya kuonyesha njia. Mtu anaimba wimbo mzima, nyota anausikiliza na kuufuata, kisha sauti ya yule wa kwanza inafutwa.

"Mwongozo wa nani, wakati mwimbaji ni mimi?" mjomba aliuliza.

"Imba kwanza, Mzee. Mambo mengine yanajipanga."

Mjomba hawezi kuimba bila kupiga wala kupiga bila kuimba, kwa hiyo walirekodi vyote pamoja, sauti na besi zikiingia kwenye kipaza kimoja. Na kila anapokaribia kiitikio hukwangua koo. Si kikohozi cha adabu. Ni *krrhm!*, kitu kinachong'olewa kutoka ghorofa ya chini, kinafikiriwa kidogo, kisha kinamezwa. Baada ya hapo inatoka sauti ambayo sitaki kuisifu sana, lakini mikono ilinisisimka.

Radi alikuja saa mbili baadaye. Alijaribu mara kumi na moja. Alisikika kama mbuzi aliyefungiwa kwenye ndoo, na kioo mbele yake kikajaa mate mpaka fundi akakifuta kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Mwishowe fundi akashusha pumzi. "Tutaacha sauti ya Mzee."

Mjomba alitabasamu njia nzima. "Umeona, mpwa? Wameniacha!"

Jalada lilitoka mwezi uleule. Mjomba akalileta nyumbani likiwa kwenye bahasha. Sauti: Radi. Besi: nafasi tupu. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa kiroboto: *shukrani kwa wote*.

"Wewe ndiye 'wote'?" mama aliuliza. Mjomba akalirudisha jalada kwenye bahasha.

Kohozi nalo lilibaki. Lisingeweza kukatwa bila kuikata besi. Radi akaona afanye liwe lake: akajifunza kulifanya jukwaani, mkono kifuani, macho yamefumbwa. Wimbo ukaingia redioni, na ndani ya wiki mbili vijana wa mji mzima walikuwa wakikwangua makoo kabla ya kiitikio, kwenye foleni, kwenye ngazi, kwenye mlango wa zahanati. Nilikanyaga matokeo yake mara mbili. Nikaapa Radi atalipa.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Bendi ingepiga kweli, lakini sauti ya wimbo wa mjomba ingetoka kwenye mashine huku Radi akichezesha midomo. Mjomba mwenyewe alisimamishwa nyuma ya spika kubwa, asionekane, na besi yake, na kipaza cha kuitikia "aaa" kilichobanwa kolani.

Shule ya bweni hutufunza heshima. Nilimwendea fundi mitambo. "Shikamoo. Samahani, mashine ya sauti ni ipi?" Akanionyesha kwa fahari, hadi soketi yake. Nikaketi safu ya mbele, karibu na ukuta, nikavua kiatu.

Kabla ya kiitikio nikanyoosha mguu na kung'oa plagi kwa kidole gumba.

Radi akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Meno yote yalikuwepo, sauti haikuwepo. Bendi iliendelea, besi iliendelea, watu wakaanza kutazamana. Akajaribu kukwangua koo, likatoka *ehm*, kama paka anayeomba radhi. Nikafurahi hadi masikioni. Mjomba hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa anyamaze tu, mwizi aanguke.

*Krrhm!*

Ukumbi mzima ulilijua kohozi lile. Vichwa viligeuka kwenye spika. Mjomba alikuwa amefumba macho, anaimba, na akiimba wimbo huo huwa anatembea. Akatembea mpaka waya wake ulipokomea, katikati ya jukwaa, mbele ya watu wote, bila kujua. Aliumaliza. Hakuna aliyekohoa.

Ndipo Radi akamrukia, akamkumbatia kwa jasho na poda, akambusu kwenye paji la uso ikabaki alama ya mafuta. "Mwalimu wangu huyu!" akapaza sauti. "Nilitaka kuwashtukiza!" Watu wakapiga makofi. Wakamsifu Radi kwa unyenyekevu! Mjomba alivishwa kilemba cha ukoka, na machozi yakamtoka. Mimi nikaenda chooni kunawa mguu.

"Ni wewe," mjomba aliniambia njiani.

"Ni mimi. Kwa nini hukumwacha aanguke? Asante ya punda ni mateke, na wewe unambeba!"

"Nimembeba nani? Yeye angeanguka na wimbo, mpwa. Wimbo ni wangu." Akafuta paji la uso kwa kiganja, akakinusa, akakunja uso. "Anapaka nini huyu?"

Jumatano fundi mitambo alipiga simu. Mjomba akaiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na nyuzi.

"Mzee, Radi anaanza albamu ya pili. Tunataka mwongozo wa nyimbo zote. Ila safari hii, tafadhali, bila kohozi."

"Na jina langu?"

"Jina... Radi anasema jalada halina nafasi."

Mjomba akauzungusha uzi kidoleni. Nilimjua: alikuwa anatafuta neno la kukubali. Maisha yake yote ilikuwa punda afe, mzigo ufike.

"Basi mwambie na koo langu halina nafasi," akasema. Akakata simu, akaketi juu ya spika kama mtu aliyeshushwa kwenye gari njiani.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaingia jikoni. Tukasikia chuma kikikwaruza chuma, muda mrefu, mpaka meno yakauma. Akarudi na sufuria ya maziwa. Kwa ncha ya kisu alikuwa amechora ubavuni jina kamili la mjomba, na chini yake: *sauti na besi*.

"Hii ni yako," akasema. "Usiguse nyingine."

Mjomba aliigeuza mikononi, akalisoma jina lake, akalisoma tena. Kisha tukaenda jikoni, akajaza maji, akawasha moto, akatumbukiza nyuzi. Utando wa kijivu ukaanza kupanda.

*Krrhm!*

Nikafungua dirisha, lakini sikutoka.